Moja ya Nani

Nilifika Kamuli na uma wa kupimia sauti mfukoni,
chuma kidogo kinachojua sauti moja tu
na kinajivunia kuijua.
Chuoni nilifundishwa mistari mitano,
nikafundishwa kwamba muziki huanza penye moja.

Nyuma ya maabara ya kemia
kidato cha tatu walikuwa wamechimba shimo
jembamba, lenye urefu wa kaburi,
na mwalimu mkuu, alipolipita mara ya kwanza,
alivua kofia.
Juu ya shimo, mashina mawili ya mgomba,
mabichi, bado yanatoa utomvu.
Juu ya mashina, vibao vya mti wa nsambya,
kirefu kuliko vyote kinanizidi kimo.
"Embaire," waliniambia taratibu,
kama mgeni anavyotajiwa jina la mwenye nyumba.

Hupiga sita, watatu huku, watatu kule,
magoti vumbini, sare zimekunjwa.
Isabirye huanza. Waibi huingia ndani yake
kama vidole vya kushoto
vinavyopenya kati ya vidole vya kulia.
Nikapiga makofi, nikahesabu kwa sauti ya chuo:
moja, mbili,
moja, mbili.
Naigaga akaweka vigongo chini.
"Samahani, Mwalimu. Moja ya nani?"

Kwa kuwa moja ya Isabirye si moja ya Waibi.
Kila mmoja hujisikia amekanyaga penyewe,
na mwenzake ndiye aliye kati.
Waulize. Wote wawili wataapa,
na hakuna mwongo.

Usiku ule nilichora mistari yangu mitano,
nikapanda noti, nikang'oa, nikapanda.
Kifutio kiliisha kabla ya wimbo,
wimbo ambao, kusema kweli, hauishi,
huachwa tu,
kama maongezi ya jikoni chakula kikiiva.

Wiki ya sita mhasibu alipita madarasani na orodha.
Waibi akakunja godoro, akalifunga kwa kamba ya katani.
Miwa ya baba yake imekatwa,
imepakiwa, imepimwa mizani kiwandani,
haijalipwa.
Alinipa mkono langoni, akasema atarudi,
hakusema lini, nami sikuwa na adabu mbaya ya kuuliza.

Jioni wakaketi watano.
Isabirye akaanza, na kila mpigo wake
ukasimama mbali na jirani yake
kama meno ya mtoto wa darasa la pili.
Tulisikiliza mapengo.
"Kaa, Mwalimu," Naigaga akasema,
akionyesha pale ambapo udongo
ulikuwa umeshika umbo la magoti mawili.

Basi stashahada yangu ikapiga magoti.
Nikangoja moja. Haikuja.
Nikaiwahi, nikaichelewa,
vigongo vyangu na vya Isabirye vikagongana hewani,
na kidato cha kwanza, waliokuwa wakichungulia dirishani,
wakacheka mpaka kioo kikaota ukungu.

"Usihesabu," Isabirye akasema, mikono ikiendelea.
"Mimi nasema. Wewe nikatize."
Nikasita.
"Nikatize, Mwalimu. Sikasiriki."

Nilimkatiza.
Kwa muda wa pumzi nne, labda tano,
kukatoka juu ya vibao sauti ya tatu,
nyembamba, yenye wimbo wake,
ambayo hakuna mkono uliokuwa ukiipiga.
Nikageuka nimwone mwenye nayo,
na papo hapo ikapotea.

Mhasibu alikuwa amesimama barazani,
orodha kifuani, kalamu ikiigonga.
Haikugonga kwenye moja yangu
wala ya Isabirye.

Kesho nitapiga magoti tena.
Alama za magoti ya Waibi ni ndogo kuliko yangu.
Hukaa kwa kubana,
nisizifute.